Kengele za Dubow na Ngamia wa Hirsi

Jumatatu, 6 Februari 1967
Rangi ya kahawia imekwisha tena. Nimekoroga udongo wa kingo za Tana na gundi. Inanuka, lakini inashika. Ukumbi wa jamii tumepewa kwa wiki mbili, mimi na Dubow: picha zangu ukutani, kengele zake za ngamia kwenye kamba. Anazichonga kwa mbao, kila moja na mlio wake. Mtu mgumu huyu. Kazipanga mara tatu na bado analalamika.

Jumatano, 8 Februari
Picha kubwa tayari: ngamia saba wa Hirsi, kaka yake Dubow, wakinywa kisimani. Nilidhani atafurahi. Akanuna. "Mwalimu, chapa iko wapi? Ngamia bila chapa ni ya mwizi." Basi nikamtia kila mmoja chapa ya ukoo wao shingoni, yeye kanisimamia kama mkaguzi wa shule. Akataka na ile miamba miwili ya kisimani. Nikachora. Sasa karidhika, nami najiona fundi kweli.

Wafugaji wote wameamriwa wakae kijijini, chini ya macho ya askari; anayekutwa nje na mifugo huhesabiwa shifta, mwasi. Hirsi hakuingia. Hakuna malisho pale, ngamia wangemfia. Yuko nje nao. Hilo tunalijua, hatulisemi.

Jumamosi, 11 Februari
Tumefungua. Watu tele. Akina mama walizigonga kengele moja moja, wakabishana ipi inamfaa ngamia yupi. Muda mrefu sijasikia mji huu ukicheka.

Alasiri akaja bwana mmoja kutoka bomani, shati jeupe, mpole. Kasimama sana mbele ya picha kubwa. Kaisifu. Akauliza nimeitoa kichwani au ni mahali pa kweli. Pa kweli, nikamwambia, kila jiwe. Nikamtajia na njia ya kufika. Dubow alikuwa ameenda kuswali. Nina furaha leo, nisijidanganye.

Jumatatu, 13 Februari
Dubow kaniuliza nilizungumza nini na yule bwana. Nikamweleza. Akaketi sakafuni. Ndipo nikaelewa.

Mjinga mimi. Kusifiwa kidogo tu, nikafungua kinywa. Miaka kumi nafundisha watoto kunyamaza darasani.

Dubow kamtuma binamu yake akamwonye Hirsi. Kwa miguu, siku mbili. Askari wana magari. Sili, silali.

Jumatano, 15 Februari
Saa nne asubuhi wamepitisha ngamia barabara ya soko, askari mbele na nyuma. Tulikuwa ukumbini. Dubow alisikia kabla yangu. "Hii ya Hirsi," akasema. Akawataja mmoja mmoja kwa mlio wa kengele, kengele alizozichonga mwenyewe, bila kwenda mlangoni. Saba. Mimi nilikwenda mlangoni. Chapa nilizijua. Hirsi hakuwa nao.

Ijumaa, 17 Februari
Binamu amerudi. Alimkuta Hirsi amelala kando ya kisima, risasi mbili. Kamzika palepale, karibu na ile miamba. Inna lillahi.

Nimekwenda matangani. Nimefika hadi uani, nikaona viatu vya watu mlangoni, nikageuka. Naona haya. Haya haimfufui mtu.

Jumapili, 19 Februari
Wiki zetu mbili zimekwisha. Dubow kaja kuchukua kengele. Kila moja aliijaza majani makavu isilie, kama wafanyavyo wakihamisha ngamia kimyakimya. Nikamwambia kosa ni langu. Akasema chapa aliitaka yeye.

Nikaishusha picha kubwa niichome. Akanishika mkono. "Wacha. Wako hapa tu sasa." Akaitazama sana. Akauliza mtoto yuko wapi. Mtoto gani? Ndama wa mvua zilizopita, mweupe, amfuataye yule jike wa mwisho. Jumatano hakupita na wale saba. Hata binamu hakumwona.

Nikakoroga rangi nyeupe. Kaketi kando yangu, akinielekeza: miguu mirefu zaidi, kichwa chini ya tumbo la mama. Nikachora. Nilipofika shingoni nikauliza kuhusu chapa.

"Hirsi alikuwa hajamtia bado," akasema.

Nikaiacha shingo tupu. Tukangoja rangi ikauke. Kisha akaikunja karatasi taratibu, akaondoka nayo kwapani.