Vijiti Viwili kutoka Sharjah

Jumatano, 30 Tahsas

Bodi imekaa. Prosesa imekaa, tena bila kulazimishwa. Pawa saplai ipo, kasha lipo, feni tatu zipo. Imebaki RAM tu, vile vijiti vya kumbukumbu!

Gashe Demissew, kaka yake mama, anafika nazo Jumamosi kutoka Sharjah, Uarabuni. Nilimtumia picha. Nikamwandikia: vijiti viwili, KIZAZI CHA NNE, si kingine. Nikarudia. Akanijibu kwa sauti: Hiwan, mwanangu, mimi si mtoto.

Nimechoka kuhakiki. Prosesa hii itaelewana na bodi hii? Kadi ya picha itaenea ndani ya kasha? Umeme utatosha? Hata usingizini naota soketi. Lakini sikuwa na njia nyingine — kazini nimeshaaga. Hoteli ya Hawassa inataka michoro yake mwisho wa mwezi ujao, Tir, na laptop yangu nikiifungulia jengo la ghorofa mbili tu, inazimika. Nisipopata hii kompyuta, kazi ya hoteli imekwenda, na ofisini nitarudi kwa magoti.

Jumamosi, 3 Tir

Gashe kafika. Nyumba imejaa. Hakuziweka sandukuni! Alizitoa mfuko wa ndani wa koti, mbele ya watu wote, akasimama.

Akasema mwenye duka alimwambia nilizoandika ni za zamani, watu wanazikimbia. "Nikamwambia, mpwa wangu hapewi za zamani! Nikaongeza pesa yangu, nikachukua za kisasa."

Vigelegele. Mama machozi. Etiye Aselefech, jirani yetu, akasema mjomba wa namna hii hapatikani hata kwa kufunga siku arobaini.

Nikasoma boksi. Kizazi cha tano.

Nikambusu mabega. Nikasema asante, Gashe. Nimesema asante mara ngapi sijui.

Jumapili, 4 Tir

Haiingii. Nilijua haiingii. Kipengo cha katikati ya kijiti kimesogea kidogo tu, upana wa punje ya teff — basi, ndiyo mwisho wa habari. Nimeigeuza upande wa pili pia! Mimi, niliyehakiki mwezi mzima, nageuzageuza RAM kama mlevi na ufunguo.

Sebuleni Gashe anaimba.

Jumatatu, 5 Tir

Nimekwenda kwa Kirubel. Tulisoma darasa moja, sasa ana duka la kompyuta mtaa wa Megenagna. Alicheka mpaka akaegemea kaunta.

"Mjomba kakuletea viatu vya dhahabu, saizi ya mguu wa jirani."

Si wakati wa kuchekesha, nikamwambia. Akatulia kidogo, tukapitia njia moja moja. Kubadilisha bodi? Basi na prosesa nibadilishe, maana hii niliyo nayo haijui kizazi cha tano. Yaani naanza upya. Kununua za kizazi cha nne hapa Addis? Nilipotajiwa bei nilidhani anataja ya kompyuta nzima. Hizi nilizo nazo niziuze? Hana mteja wa kuzitaka.

"Mwambie mjomba wako azirudishe. Maduka ya kule yanabadilisha, mradi boksi halijachakaa."

Rahisi hivyo! Nikamwuliza: angekuwa mjomba wako, ungemwambia?

Akakuna shingo. "Mimi? Thubutu."

Alhamisi, 8 Tir

Nimemwambia mama. Jikoni, kwa kunong'ona. Hakuelewa habari ya vizazi, alielewa neno moja tu: kukosea.

"Nani kakosea? Kaka yangu? Aliyeongeza pesa yake?"

Nikasema si kosa, ni kipengo tu. Akasema kipengo hicho nikitie mafuta.

Mafuta!

Halafu akashusha sauti. Miaka ishirini kaka yake anaendesha gari za watu kwenye lile joto, kila mwaka anakuja na vitu vya kila mtu, na hajawahi kusifiwa kama safari hii. Unataka arudi kule ameinamisha kichwa? Nikasema sitaki. Kweli sitaki! Lakini mimi nani ananihurumia? Akiondoka na RAM zimebaki kabatini, yamekwisha. Hakuna mwingine wa kuzirudisha mpaka mwakani.

Nimekasirika. Namkasirikia mama, mwenye duka wa Sharjah, na huyu mwanamke mwoga anayeandika hapa.

Jumapili, 11 Tir. Timket, sikukuu ya Ubatizo

Leo niliazimia. Tumerudi uwanja wa Jan Meda tumelowa maji ya baraka, kila mtu kafurahi, nikasema ndio wakati. Nikakaa karibu na Gashe kwenye sinia.

"Gashe, kuhusu zile RAM —"

Akanilisha tonge. La doro wot, mchuzi wa kuku, kubwa kama ngumi. Nikatafuna, nikameza, machozi ya pilipili yananitoka. Nikafungua mdomo tena. Tonge la pili! Moja halitoshi kwa mtu unayempenda, akasema, na wote wakasema ndivyo.

Na la tatu pia nilikula. Ungefanyaje?

Jumanne, 13 Tir

Hawassa wamepiga. Michoro imefika wapi? Nikasema inakwenda vizuri. Sasa nadanganya mpaka mikoa mingine.

Alhamisi, 15 Tir

Gashe ameuliza tena kama mashine imewaka. Nikasema bado nyaya kidogo. Akaniangalia. Akasema nyaya ni kitu kigumu.

Jumamosi, 17 Tir

Nimejifungia chumbani. Naandika haraka. Gashe anaondoka leo jioni, na alisema hatoki humu ndani kabla hajaiona inafanya kazi. Mama akakaanga buni, akamwita Etiye Aselefech, yeye akaja na dada zake. Wote kwenye sofa, wanaitazama meza yangu kama wanangoja harusi.

Kirubel aliwahi kuniambia: hata bila RAM, feni zitazunguka na taa zitawaka. Nikabonyeza.

Zikazunguka! Taa ya buluu, taa ya kijani. Vigelegele mpaka ghorofa ya juu. Gashe akapiga makofi, akasimama, akakaa, akasimama tena.

Halafu Etiye Aselefech: "Mbona kioo cheusi?"

Mama, bila kupepesa: "Ni ya kisasa. Inaamka polepole."

Nikasema nafuata waya. Ndio niko hapa. Wanangoja. Nasikia vikombe, nasikia feni.

Kuna mtu anagonga.

Ni yeye. Ameniita polepole, si kwa ile sauti yake ya sebuleni. Nikaitika abee, Gashe. Sikufungua.

"Kesho kutwa nitapita kule dukani Sharjah, nina shughuli jirani. Kama kuna kitu cha kubadilisha... Sisemi kipo. Nasema kama kipo."

Nikajibu: "Hakuna, Gashe. Kila kitu sawasawa."

Nimesema hivyo! Hata pumzi sikuvuta. Amenifungulia mlango wazi kabisa, nami nimeurudisha kwa mikono miwili.

Akasema haya.

Boksi ninalo hapa mapajani, halijachakaa hata pembe moja. Chini ya mlango naona soksi zake za kijivu. Mama anaita kwamba teksi imefika. Hajaitika. Amekohoa kidogo, amesogeza mguu mmoja, ameurudisha.

Bado yupo.