Mama, Pikapu Imerudi Kutoka Kimuli

Mama,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini hukunilea nianze maneno bila salamu. Nina habari na sitaizungusha: pikapu haijauzwa. Jumamosi imekwenda Kimuli, imepakia ebitoke, ndizi zetu za kupika, mpaka mikungu ikapita kimo cha bodi, na imerudi Nyaishozi kwa magurudumu yake yenyewe. Dereva nilikuwa mimi, Asela wako.

Ngoja nianze mwanzo. Tulipomaliza matanga yako, Baba Mdogo alikaa na wanaukoo akasema kile chuma nacho kimfuate mwenyewe. Hana roho mbaya, shemeji yako unamjua, ni mtu wa kuogopa hasara tu. Na kusema kweli gari lilikuwa limechoka. Usukani ulivuta kushoto, tairi za mbele zilikuwa zinalika upande mmoja, na kila shimo tulilokanyaga lilinijibu chini ya miguu, ko, ko, ko, kama mgeni anayebisha hodi. Mnunuzi wa vyuma chakavu alikuwa ameshakuja kulizunguka huku amefunga mikono nyuma.

Baba Mdogo akanipa nafasi moja. Nilipeleke Kimuli, nilirudishe na mzigo, yeye akiwa kiti cha mbele. Likitetemeka au kugonga, linauzwa. Nikakubali mbele ya watu wote, mdomo wangu unaujua. Kisha nikaingia chumbani kwako nikalia. Gari lile ndilo lililotusomesha, ndiyo kazi pekee niliyoirithi kwako, na kiti chake bado kina harufu yako. Ningewezaje kumwangalia mtu akilikata vipande?

Fundi Deo akaingia chini, akatoka na vumbi kichwani, akasema ni bushi. Zile pete za mpira zinazokaa kati ya chuma na chuma zilikuwa zimekwisha, nyingine zimebaki ukoko. Na mbili, Mama, zilikuwa zimechongwa kwa kisu kutoka kwenye tairi bovu. Usikatae, mkono wako naufahamu.

Nikaenda Kayanga dukani. Muuzaji akanitolea za plastiki ngumu, nyekundu, zinang'aa kama peremende. Akaniambia, dada, hizi utazikwa nazo. Nikamwambia habari za kuzikwa aziache, kaburi la mama yangu halijaota hata nyasi. Akaniachia kaunta nichague mwenyewe.

Zile nyekundu sikuzikataa kwa hasira. Chesisi yetu ina viraka vya kuchomelea vingi kuliko rangi. Ukiiwekea kitu kisichobonyea, mshtuko wa barabara ya Kyerwa hautaishia kwenye bushi, utapanda juu kutafuta pa kupasua. Nikakataa na zile nyeusi za bei ya chee, maana nilipozikunja kwa vidole mpira ulianza kuachana na bomba lake la chuma pale pale. Nikachukua za mpira mzito, ulioshikana na chuma chake barabara, nikazibonyeza moja moja kwa kidole gumba kama unavyobonyeza parachichi. Nyuma yangu watu walikuwa wanaguna. Wakangoja.

Ijumaa asubuhi Deo akazifunga gari likiwa juu ya jeki, matairi yananing'inia. Alikaza mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Nikaliendesha hadi kanisani na kurudi. Mama, nilitaka kuzimia. Lilisimama juu juu kama mtu aliyevaa viatu vya kuazima, na kila kibonde lililia ng'iii. Nikazima injini nikaegemea usukani. Ndipo nikakuona kama zamani, umesimama kwenye migomba na spana mkononi, unatuamrisha watoto wote tupande nyuma. "Gari linakazwa likiwa limebeba." Miaka yote nilidhani ulitaka tu kutuona tumetulia mahali pamoja.

Sasa nimeelewa. Mpira ukikazwa gari likiwa linaning'inia, likishuka chini mpira unabaki umejisokota, na utaishi hivyo hivyo mpaka uchanike. Ni kama kulala shingo imepinda. Inabidi ulegeze nati, gari likae na uzito wake wa kazi, ndipo ukaze.

Lakini nani ataingia chini ya gari lililojaa? Nyuma ya nyumba ya Baba Mdogo kuna lile shimo refu jembamba la kuivishia ndizi za pombe ya rubisi, na lilikuwa tupu. Sikwenda kuomba. Nilikwenda na kwaya yako ya kanisani. Akina mama walikuja na mikungu waliyokuwa wanaipeleka gulioni, tukapakia, tukapanga magogo kando ya shimo, nikasogea taratibu mpaka shimo likawa katikati ya matairi. Kisha nao wakapanda juu ya ndizi wakiimba. Mimi na Deo tukashuka shimoni, kwenye majivu na majani makavu, tukalegeza, tukakaza upya. Baba Mdogo alisimama pembeni analalamika kwamba rubisi yake itanuka grisi. Kila alipofungua mdomo, sauti ya pili ya kwaya ilipanda ikamfunika.

Jumamosi akapanda, mkono mmoja kwenye dashibodi, sikio limeinama kusubiri ule mlio. Hadi Kimuli hakuupata. Tukapakia. Kurudi ndiko kulikokuwa na kesi, mzigo umejaa na barabara imechimbika. Sikukwepa mashimo, Mama. Nilikuwa nayafuata makusudi, nataka asikie vizuri. Nilipomgeukia nimwone uso, kofia ilikuwa imemwangukia magotini na mdomo uko wazi. Shahidi wangu alikuwa anakoroma. Alikoroma mpaka Nyaishozi.

Alipoamka akasema alifumba macho kwa ajili ya vumbi. Sikubisha. Alishuka, akampigia simu mnunuzi wa vyuma asije tena, halafu akaniuliza kwa sauti ndogo lini nitapita kuchukua ndizi zake.

Tulikuwa ndiyo kwanza tumemaliza kushusha na kufunga bodi, nikasikia mchuuzi mmoja anawaambia wapagazi wake, "Pakieni kwa Asela." Hakusema gari la Mama Asela. Tangu nizaliwe sijawahi kusikia likiitwa kwa jina langu peke yake. Iliniuma, sitakuficha, nikataka kumwambia ni lako. Nilisimama pale nalia na kucheka, mtu akaniuliza kama ni vumbi. Kisha nikafungua bodi ya nyuma wakapakia.

Nakuahidi hakuna mama mwenye uchungu wa kuzaa wala mgonjwa atakayeachwa njiani na gari hili, hata kama limejaa. Tutashusha ndizi kwanza, kama ulivyokuwa unashusha wewe.

Lala vizuri, Mama. Asubuhi nina mzigo Kihanga na mwenyewe hapendi kungoja.

Mwanao,
Asela, dereva