Pembe Yenye Gundi

Jela ya Wilaya, Michigan
3 Machi 1958

Mpendwa dada Lempi,

Nakusalimu wewe, wapwa wangu na shemeji Arvo. Mimi mzima, ila ngumi ya kulia imevimba. Usishtuliwe na anwani: jela hii ina joto kuliko chumba changu, na kahawa yake ni mbaya kama yako tu. Barua yako niliipata. Unasema shemeji haoni tena, na kwamba tarehe kumi na nne watu wa reli waliomwajiri kupakia mizigo watamwambia hakimu kuwa aliutupa ule mzigo kwa ulevi. Arvo, ambaye hata siku ya harusi yenu alikunywa maziwa! Nitafika hapo, lakini lazima nianzie mbali.

Wajua nilipewa kuandika historia ya Shule yetu ya Ufungashaji, inayotimiza miaka kumi mwezi Mei. Walinichagua mimi, fundi niliyeishia darasa la sita, kwa kuwa maprofesa wawili walioianzisha hawakai chumba kimoja bila mmoja kutoka damu. Kijitabu kitasema shule ilizaliwa na maono. Dada, ilizaliwa na kipigo.

Tulianza bandani, nyuma ya idara ya misitu. Profesa Haviland alikuwa mtu wa mbao. Vitani aliona masanduku yakifika yamepasuka, na askari wakifa huku wanapapasa risasi matopeni. Profesa Brandt alikuwa mtu wa katoni. Haviland alimwita mwenzake fundi wa bahasha, naye Brandt alimjibu, “Wewe kachonge majeneza, mzee, huko wateja hawalalamiki.” Alhamisi moja, mbele ya wanafunzi, Brandt aliokota ubao akampiga nao mdomoni. Meno matatu. Haviland, huku anatema damu, akamsukumia kwenye mashine ya kukandamiza, na mkono wa Brandt ukaingia kabla sijaifikia swichi. Vidole viwili. Nilipokuwa ninafunga jeraha, mwanafunzi mmoja aliniuliza kama na hivyo tuviandike kwenye fomu ya majaribio.

Mkuu wa chuo alikuja, akatazama sakafu, akauliza kama hii ni shule au machinjio. Akasema tumpe kitu kimoja cha maana kabla ya Krismasi, la sivyo anafunga.

Kazi yetu ni kuvunja vitu kwa utaratibu. Mzigo huangushwa mara kumi: pembe moja, kingo tatu, pande sita. Pembe hiyo si yoyote tu; ni ile ambapo katoni imeunganishwa kwa gundi, maana ndiyo dhaifu. Mwanafunzi akikosea hapo hutolewa maabarani kwa teke, na mguu ni wangu.

Basi kampuni moja ya tindikali ilileta katoni za kubebea chupa kubwa za kioo. Zikifaulu, watatujengea jengo. Tulijaza chupa maji, nikaangusha. Pembe ikafumuka, chupa ikapasuka, maji yakanilowesha hadi soksi, nikacheka. Brandt hakucheka. Alisema kwa upole, “Eino, chukua nyingine, uigeuze.” Nikamwambia pembe ile nyingine haina gundi. Akasema, “Ndiyo maana.”

Nikageuza. Ikastahimili mara zote kumi. Nikatia sahihi, tukapata jengo la matofali lenye madirisha makubwa, na mkuu wa chuo akanipa mkono.

Katika barua yako ulininakilia namba iliyopigwa chini ya ule mzigo, ukiuliza kama mtu wa kazi yangu anaweza kuitambua. Niliitambua kabla sijamaliza kuisoma. Ni katoni yetu. Kama ulivyoniandikia, ilianguka kutoka kwenye mkokoteni, kimo cha kiuno tu, ikatua kwa pembe ya gundi, na tindikali ikamrukia Arvo usoni. Hakuutupa mzigo wowote.

Nilimfuata Brandt akila chakula cha mchana, nikamweleza. Akapangusa mdomo, akasema, “Wapakiaji wa reli unawajua, Eino. Ni watu wa kurusharusha.” Nikampiga. Taya limevunjika mahali pawili. Polisi wanasema ni mara tisa; mimi, kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe, sikuhesabu.

Lakini kumpiga kulikuwa rahisi, dada, na ningependa habari iishie hapo. Brandt alisema tu. Aliyegeuza ni mimi. Sahihi ni yangu, peke yake. Nilijua, na miaka minane nilipita mlango wa lile jengo kila asubuhi nikiwa nimeshiba.

Fomu yenyewe nimeiweka humu. Niliichomoa kabatini kabla ya kumwendea Brandt. Mpe wakili wa shemeji, mwambie aniite shahidi. Sherifu ameahidi kunileta, japo kwa pingu. Barua hii msomee Arvo wewe mwenyewe, usimwachie mchungaji. Nikifika, akitaka kunigusa uso ajue ni nani, nitausogeza karibu. Na mkono wake ukija umekunja ngumi, sitauhamisha.

Wabusu watoto. Waambie mjomba anawakumbuka, na kwamba yuko safarini kikazi.

Mdogo wako,
Eino Kantola