Filimbi Kifuani

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Daktari wa kifua amesema leo asubuhi kwamba sina pumu, nina minyoo. Natumaini wewe na shemeji hamjambo. Huku sote ni wazima, ukinitoa mimi. Mama anakusalimu. Alipopata habari alicheka mpaka akakaa chini, akauliza tangu lini mtu mwenye mvi akaugua ugonjwa wa chekechea.

Minyoo hii huingia kupitia ngozi ya nyayo. Daktari aliniuliza tulikulia wapi. Nikamwambia ni kwenye tanuri la matofali la Baba, tukikanyaga udongo mbichi miguu mitupu. Akasema basi hao ni wapangaji wa zamani. Huweza kukaa mwilini miaka na miaka, wakizaana kimya kimya.

Nikauliza kifua kinahusikaje. Akaeleza kwamba minyoo michanga hupita mapafuni, na mwili una walinzi wake. Wa kwanza akiiona hupuliza filimbi, wenzake huja mbio, na fujo yao ndiyo inayovimbisha mapafu. Nikamwambia mbona zile tembe za steroidi nilizoandikiwa zahanati, kama zako za pumu, zilinituliza. Hakufurahi. Alisema zinawanyang'anya walinzi filimbi: nyumba inanyamaza, wezi wanaendelea kubeba.

Tangu hapo sijatulia. Nimekaa, nimesimama, nimefagia ua uliokwisha kufagiwa. Mke wangu ameniambia nitafute kazi au nimwachie ufagio wake.

Nilimuuliza pia kuhusu Baba. Naye aliambiwa pumu, akapewa tembe hizohizo, akapata nafuu, tukashukuru, kisha akatutoka kabla mwezi haujaisha. Daktari alisema hawezi kumsemea mtu ambaye hakumpima. Hili la Baba Mama sijamwambia. Nakwambia wewe kwa sababu ulikanyaga udongo ule kuliko sisi sote, na uliniarifu kwamba Jumatatu wanakuongezea dozi.

Usiache dawa ghafla. Hilo daktari amelikataza kabisa. Ila usikubali nyongeza kabla hujapimwa damu na choo. Mwambie anayekutibu habari za matofali. Akikucheka, mwache acheke.

Nimeandika kwa sababu kwenye simu ungenikatiza. Dereva wa lori atakukabidhi barua hii Ijumaa. Nisalimie shemeji na wapwa zangu. Tiketi nimeshakata: Jumapili jioni nitakuwa kwako, na Jumatatu saa mbili asubuhi tutaingia kwa daktari wako pamoja.

Mdogo wako,
Kijiti