Sakafu ya Tanuru

Jumatatu, 4 Machi

Kiwanda cha kioo kinaacha chupa za kijani, kinaanza kioo cheupe, kisicho na rangi. Alhamisi wanawasha. Wameiomba idara yetu ya hisabati chuoni, yaani mimi, ihakikishe kama sakafu ya tanuru itastahimili joto. Kioo cheupe kinapitisha zaidi mnururisho, joto linalosafiri kama mwanga, na kadiri kinavyopata moto ndivyo kinavyozidi kuupitisha. Hapo ndipo mlinganyo wa joto unapokuwa mkorofi.

Programu yetu ya zamani ya kukokotoa joto inasema sakafu iko salama. Nimepunguza hatua ya muda ya hesabu mara kumi. Joto likafika chini mapema! Nikapunguza tena. Mapema zaidi.

Jumanne, 5 Machi

Kosa nimelipata. Programu inatumia upitishaji wa joto wa hatua iliyopita. Sehemu ambayo bado ni baridi inahesabiwa kama ukuta, wimbi la joto linagota hapo. Kwenye tanuru la kweli haligoti.

Nimemwambia mhandisi mkuu wa kiwanda. Hakukasirika — heri angekasirika. Akasema sawa, niletee namba sahihi.

Sina! Mbinu ya Newton, inayotatua yote kwa pamoja, inarukaruka. Mzunguko wa sita inanipa joto chini ya sifuri kamili. Kitu kisichokuwepo duniani.

Jumatano, 6 Machi

Hasi. Hasi. Hasi.

Dada kapiga simu mchana. Mumewe ndiye msimamizi wa zamu ya kesho hapo kiwandani. Kauliza mbona sauti yangu iko hivyo. Nikasema mafua.

Mhandisi mkuu: "Wewe huna namba, una wasiwasi. Sisimamishi kiwanda kwa wasiwasi." Na ana haki. Ndilo linaloniuma.

Alhamisi, 7 Machi

Saa moja asubuhi wamewasha.

Saa nne nikajaribu kukubali nusu tu ya kila sahihisho la Newton. Mzunguko wa tatu, kosa limeshuka. Wa tano. Wa tisa — limetulia! Nilipiga kelele peke yangu ofisini.

Kisha nikasoma. Sakafu inavuka kikomo cha joto muda wa saa tisa tangu kuwasha, na ikivuka, kioo kilichoyeyuka kitatoboa chini. Yaani leo, saa kumi alasiri. Nimerudia kwa gridi yenye miraba midogo zaidi. Jibu lilelile.

Mhandisi mkuu yuko kikaoni, kazima simu. Katibu wake anaandika ujumbe wangu, ananiuliza "mnururisho" una r ngapi.

Nikampigia shemeji. Akanisikiliza hadi mwisho, mstaarabu siku zote.

"Nakuamini, shemeji. Lakini bila sahihi ya mhandisi mkuu siushushi moto huu. Nikiushusha watanitoa, atauwasha mwingine."

Nikamwambia basi toka humo.

Akacheka. "Niwaache watu kumi na wawili?"

Saa nane na robo. Niko getini na karatasi zangu. Mlinzi anasema mgeni lazima aidhinishwe na mwenyeji wake. Mwenyeji wangu ni mhandisi mkuu. Kapiga simu ofisini kwake mara mbili, kasema subiri, dada yangu, kanivutia kiti kivulini. Mtu mwema kweli. Ananiuliza kama nataka maji.