Nilimukana Mutoto Wangu Mbele ya Mama Mukwe Wake

Mushauri wetu mwema, nakusalimu sana, mimi ni mama wa hapa Cité Albert, nakuomba unipe shauri mbele ya juma hili kuisha, kwa maana kukaa kitako siwezi tena, naanza kufua naacha, naenda sokoni kununua chumvi narudi bila chumvi.

Kwanza ujue mutoto wangu ni nani. Ni Profesa Yuma, yule wa mazingaombwe, na kama hujamuona basi uliza bantu ba Jadotville ao ba Kolwezi, batakuambia, kwa maana hata bazungu balikuja kusimama mulangoni kumutazama na mikono mifukoni. Baba yake, bwana yangu Nasoro, Mungu amurehemu, alikata kamba mbele ya bantu na kuirudisha nzima, na babu yake kule Kasongo alikula moto. Lakini Yuma amebapita bote, na sisemi hivi kwa sababu nilimuzaa.

Sasa kazi yetu iko na sheria moja, bwana yangu njo alituachia: uwanjani hakuna undugu. Yuma anapanda behewa la mbele la gari-moshi na sanduku yake, mimi napanda la nyuma pamoja na benye kuuza samaki kavu, na tukifika naomba malalo kwa bantu nisiobajua, nasema nimekuja kuuza sabuni. Siku ya mchezo nakaa katikati ya bamama kama mugeni. Yuma anaomba mama mumoja atoke, natoka pole pole nikilalamika magoti, anatoa yai katika kitambaa changu cha kichwa, analivunja kwenye sahani balione ni la kweli, na mimi namugombeza, namuuliza kama kichwa changu ni chumba cha kuku. Bantu banakufa na kicheko. Yai ni lake, lakini kicheko ni changu, tuseme ukweli. Na nikikaa nyumbani siku kidogo tu, nikisikia gari-moshi inalia kule stesheni, miguu yangu inasimama yenyewe.

Kumbe huko Kambove, ndani ya sale ya camp, ule ukumbi wa bafanyakazi, nilikaa pembeni ya mama mumoja na binti yake Alima, binti muzuri, mwenye haya. Sikujua kitu, Yuma hakuwa ameniambia. Mbele mchezo uanze yule mama akaniinamia, akauliza kama namujua huyu kijana. Nikasema simujui, ni sheria yetu. Akasema kijana huyu amekuja kwao kuulizia binti, na yeye hajui afanye nini, mimi kwa kuwa ni muntu muzima nimushauri.

"Mama, kama angekuwa binti wako, ungemupa?"

Mushauri, bamama ba pembeni balikuwa banasikiliza. Nilitaka kusema huyo kijana ni dhahabu, ananinunulia kikwembe cha kuvaa kila safari. Lakini mugeni angejua wapi? Nikasema, "Muntu mwenye nyumba yake ni sanduku? Mimi hata kuku siwezi kumupa alinde." Bamama bakacheka, na mimi nikaona banacheka nikaongeza, nikasema benye kuzunguka hivyo bako na bibi mumoja kila stesheni. Bakacheka zaidi. Halafu Yuma akaniita mbele, akatoa yai.

Tuliporudi Yuma akanieleza habari ya Alima akiwa na furaha kama mutoto mudogo. Baada ya hapo jibu likachelewa. Akasikia mama ya binti anasitasita kwa sababu ya maneno ya mama mumoja mugeni mwenye hekima. Yuma akakaa jikoni kwangu, sahani ya bukari inapoa mbele yake, akaniambia, "Mama, kama ningemujua ule mama, ningemuuliza nilimukosea nini."

Nikachukua sahani nikaenda kupasha bukari moto. Mpaka leo hajui kama ule mama ni mimi.

Sasa Mama Alima amekubali kuja Ijumaa kuona nyumba na kusalimia jamaa. Yuma anajua tu kwamba Mama Alima atanitambua mimi ni mama wa yai, basi ameomba wifi yangu Sakina akae kwenye kiti kama yeye njo mama yake, na mimi niende kwa jirani. Sakina! Ule hata kumufunga nepi hakumufunga siku moja. Nikikubali, mutoto wangu iko na mama mwingine. Nikikataa, siri ya kazi inatoka, na ndoa pengine inakufa. Nifanye nini?

Mama wa Profesa

JIBU

Mama wa Profesa, majina yote nimeyabadili, na mji pia si ule, maana kwa kujisifu kwako ilibaki tu utuandikie namba ya nyumba.

Pole. Najua kumpenda mtoto na kukatazwa kumwita wako mbele ya watu ni mzigo. Lakini usiitupie sheria ya marehemu mume wako kosa lako. Sheria ilikutaka useme humjui, basi. Haikukuagiza umpe wake wa stesheni. Hayo uliyaongeza mwenyewe kwa sababu watu walicheka, na mwanao amelipa bei ya kicheko hicho.

Usiende kwa jirani. Sakina akikaa kwenye kiti chako Ijumaa, atakaa pia siku ya harusi, na siku ya mjukuu, nawe utaingia nyumbani kwa mwanao ukiuza sabuni. Mchezo wa ukumbini unaisha watu wakienda kulala. Huu wa Sakina hautaisha.

Mwambie Yuma leo, kabla hajala. Sema yote, hata yale ya kuongeza, na akikukasirikia usijitetee wala usimchekeshe. Kisha usingoje Ijumaa. Wewe treni hazikutishi, panda moja ukaonane na Mama Alima kwake, mchana, peke yako, ukiwa umevaa kitambaa kile kile akujue. Mwambie, "Uliniuliza shauri nikakudanganya. Yule ni mwanangu, na hivi ndivyo alivyo." Hapo jisifu utakavyo, kwa mara ya kwanza kinywa chako kitafaa. Yai linaingiaje kitambaani, hakukuuliza, usimweleze. Lakini kwamba unakaa katikati ya watu ukijifanya mgeni, lazima ajue. Binti yake anataka kuingia katika jamaa hiyo, na siri ya jamaa hulindwa na wote waliomo. Akikataa, atakuwa amekataa kwa ukweli, nawe utabaki mama.

Akikubali, pumzisha magoti yako. Mtafutie Yuma mtu mwingine wa kutolewa yai.

Na siku ya harusi kaa mbele kabisa. Mgeni wa pembeni akikuinamia akuulize kama unamjua bwana harusi, mjibu.