Maji Imerudi

Mwanangu Ambani,

Jumapili alasiri nilivaa lile gauni la bluu ulilolipenda, nikaenda kuona bendi yenu ikizindua albamu katika ukumbi mdogo wa maigizo kule mjini. Viti vilijaa. Kevo wa Kayole, mwimbaji wenu, ambaye mlijifunza naye gitaa mkiwa kidato cha pili, alinikalisha mbele na kuniambia, "Mathe, leo ni yako." Nilitoka pale na hasira ambayo mpaka sasa sijui niiweke wapi. Kwa hivyo nakuandikia, na barua naiacha wazi ili Kevo na wenzake waisome pia.

Waliuharibu wimbo wako. Neno moja tu, lakini waliuharibu.

Unakumbuka wimbo huo ulikotoka. Ulikuwa na miaka saba, na ploti yetu ya wapangaji hapa Makadara ilikuwa na mfereji mmoja wa maji uani. Maji yalipotea wiki nzima, halafu siku moja mfereji unakohoa mara mbili tatu, na wewe ndiye wa kwanza kuusikia. Ulikimbia ukipiga beseni langu kwa mwiko, "Maji imerudi, maji imerudi," na milango yote inafunguka, mitungi inagongana, Mama Shiko wa nyumba ya pili anatoka na povu kichwani. Nami, badala ya kuchukua mtungi, nasimama mlangoni: "Yamerudi, Ambani. Maji yamerudi."

Siku moja ulinigeukia ukasema, "Mama, ukimaliza kurekebisha itakuwa imeenda."

Mama Shiko alicheka hadi akaketi juu ya mtungi wake.

Nilikuwa mkali kwa sababu niliacha shule kidato cha pili, na Kiswahili sanifu ndicho kitu pekee nilichotoka nacho. Ndicho kilichonipa kazi ya ukarani katika shule ya msingi. Nilitaka ukirithi, kama wengine wanavyotaka watoto wao warithi shamba.

Basi Jumapili hiyo ukumbini Kevo akasimama na gitaa, akawaambia watu kwamba huu ndio wimbo wa marehemu, "tumeusafisha kidogo tu." Wakaanza. Ile roki yenu yenye ngoma za isukuti ndani yake, na mdundo wa beseni uleule. Kisha kiitikio kikaja: maji yamerudi. Tena na tena. Idadi ya silabi ni ileile, mdundo haukuyumba, ndiyo maana hakuna aliyeshtuka isipokuwa mimi. Mwanamke aliyekaa kando yangu akaninong'oneza, "Kiswahili safi sana." Nilitamani kumkanyaga mguu.

Yule hakuwa wewe. Mtoto wa miaka saba mwenye beseni hasemi yamerudi. Anayesema hivyo ni mama yake.

Watu walipoanza kutoka nilimfuata Kevo nyuma ya jukwaa.

"Nani aliwaambia mbadilishe?"

"Tubadilishe nini, Mathe?"

"Imerudi."

Alinitazama kama mtu aliyechapwa bila kosa. Akafungua begi la gitaa lako, ambalo nilimpa mwenyewe baada ya mazishi, akatoa karatasi. "Si ni wewe? Tuliipata humu ndani. Tukaona hii ndiyo ya mwisho. Tukasema kama mathe mwenyewe ameisahihisha, lazima tuheshimu."

Maneno ya wimbo, mwandiko wako. Na juu yake kalamu nyekundu, ile yangu ya ofisini. Kila "imerudi" imekatwa. Pembeni nimeandika, "Angalia ngeli."

Niliikumbuka siku hiyo. Ulinijia nikichambua sukuma wiki, ukataka nikuambie kama wimbo ni mzuri. Sikukuambia. Nilikuambia ngeli. Ulisoma, ukacheka, "Mama, nikiimba hivi watu wa ploti watadhani nasoma taarifa ya habari." Nikakujibu, "Wacha wadhani." Ukaikunja karatasi ukaenda zako.

Na wewe pia nimekukasirikia. Ungeitupa. Nani alikutuma uitunze miaka yote hiyo, ndani ya begi unalobeba kila mahali? Ungekuwepo wangekuuliza. Lakini ulikubali homa ya mapafu ikuchukue ukiwa na miaka thelathini na moja, ukaniachia vijana wapole wanaokuheshimu kwa kufuata kosa langu. Ningejua nimgombeze nani kama wangekuwa wabaya.

Kevo anasema albamu imeshaingia mtandaoni. "Labda shoo zingine tutaimba ile ya kitambo." Kevo, mwanangu, hapo nasema nawe: si labda. Rudini mrekodi upya. Mimi niliyesahihisha ndimi ninayefuta. Wimbo ulikuwa sawa mara ya kwanza.

Jana asubuhi, Ambani, baada ya siku tisa bila maji, mfereji ulikohoa. Nilikuwa nafagia. Nikasimama na ufagio mkononi, nikingoja kusikia beseni. Nilingoja kweli, kama mjinga. Kisha nikalichukua mwenyewe, na mwiko, nikatoka uani na magoti yangu haya mabovu, nikapiga, nikaita jinsi ulivyokuwa ukiita. Milango ikafunguka. Mama Shiko, ambaye siku hizi anatembea na mkongojo, akatoka akanikodolea macho.

"Umesema nini, Mama Ambani?"

Nikamwambia alete mtungi kabla haijaenda.

Pumzika, mwanangu. Wimbo ni mzuri. Hilo ndilo ulilokuwa umeniuliza.

Mama yako